Kwa Shujaa Huenda Kilio

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii tumeizoea mno, hata tunaitumia kumtuliza kijana anayetaka kugombana kilabuni. Lakini mimi nimeitafakari tangu nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule za huku kwetu Ludewa na Njombe, nami naona ina somo kubwa kwa mtu yeyote anayetaka kuandika hadithi au mchezo wa kuigiza. Tazama mahali methali inapoyaelekeza macho yetu. Haitupeleki vitani kuona mkuki unavyorushwa. Inatupeleka nyumbani, uani, kwa mama na watoto, kule kilio kinakokwenda.

Swali langu ni hili. Kwa nini msikilizaji mwenye shida zake mwenyewe za mbolea na ada ya shule amlilie mtu asiyemjua, pengine mtu ambaye hakupata kuishi duniani ila katika karatasi? Vijana wengi niliowafundisha walidhani jibu ni nguvu. Shujaa wao alikuwa na kifua kama mlango wa kanisa, aliua maadui ishirini kwa mkono mmoja, na risasi zilimkwepa. Wenzao darasani walipiga makofi, kengele ikalia, wakaenda kucheza mpira. Hakuna aliyeuliza siku ya pili kilichompata shujaa yule. Nguvu hushangaza, lakini haiushiki moyo wa mtu.

Kinachoushika moyo, kwa maoni yangu, ni saa moja tu katika maisha ya mhusika. Ni saa ambayo njia ya kuokoka iko wazi, yeye anaiona, nasi tunaiona, naye haipiti. Wala haipiti si kwa sababu haogopi. Anaogopa kama sisi. Haipiti kwa sababu upande wa pili wa njia hiyo ameona kitu ambacho hawezi kuishi akikikumbuka. Tangu saa hiyo mhusika anakuwa wetu, na tukiambiwa amekufa tunahisi msiba umeingia ukoo wetu.

Sisi tuliozaliwa karibu na Liganga tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Liganga, katika lugha zetu za huku, ni jiwe, na vilima hivyo vya wilaya ya Ludewa vimejaa mawe ya chuma. Siku hizi jina hilo hutajwa zaidi katika habari za miradi: mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China juu ya chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Lakini zamani kabla ya mikataba, Wapangwa, na majirani zao Wakinga, walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri ya udongo kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe, mashoka na mikuki. Majembe ya dukani kutoka Ulaya ndiyo yaliyokuja kuzima matanuri yale. Mhunzi wa zamani hakutosheka na uzito wa jiwe mkononi. Alilitia motoni, na moto ndio uliotenga chuma na mavi ya chuma. Mwandishi naye ana tanuri lake. Sifa zote anazompa mhusika wake, kwamba ni hodari, ni mkarimu, anaipenda nchi, ni jiwe ambalo bado halijaonja moto. Msomaji hana sababu ya kuziamini mpaka moto uwashwe.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili kabla ya sisi kufundishwa darasani. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, akifuata masimulizi ya kale zaidi. Liyongo anasifiwa kwa urefu, kwa nguvu na kwa upinde wake, lakini muulize mtu aliyeusoma utenzi huo zamani za shule anakumbuka nini. Atakutajia mwisho. Mtoto wake mwenyewe, aliyeahidiwa cheo na binti wa mfalme wa Pate, anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda karibu na kisima cha mji, anapiga goti na kupachika mshale. Anafia hapo hapo akiwa amepiga goti. Watu wanakosa maji kwa kumwogopa maiti. Wanakwenda kumwomba mama yake ambembeleze, naye anakuja kusema na mwanawe, akidhani ana hasira.

Pumzi chache alizobakiwa nazo Liyongo angeweza kuzitumia kwa kulia au kwa kumlaani mtoto. Akazitumia kwa kupiga goti. Huo ndio uamuzi wake. Lakini kinachotuumiza zaidi ni mama anayembembeleza mtu aliyekwisha kufa. Kijumwa, kama methali yetu, alijua kuwa ushujaa huonekana vizuri ukitazamwa kutoka upande wa kilio.

Mtu asidhani kuwa saa ya shujaa lazima iwe na silaha. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, Karama anashtakiwa mbele ya wakubwa wa nchi kwa kosa la kufundisha uanasheria. Hana upinde wala ngao. Amepewa nafasi ya kujitetea, na mtu mwingine angeitumia kuomba radhi. Karama anaitumia kusimulia taabu za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo hiyo kutafuta mema ya kuiletea, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Siku baada ya siku anatumia muda wa uhai wake kuwasemea watu wengine. Ndiyo maana anapoachiliwa, na wajumbe wale wakafunguliwa, tunafurahi kama tuliokuwa tumefungwa pamoja nao. Shaaban Robert aliandika hayo wakati wa utawala wa Mwingereza, na msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa Kusadikika ni nchi gani.

Hata hivyo, mfano ninaouona mkubwa kuliko yote katika tamthilia zetu ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Hapa inafaa tuiweke historia upande mmoja na mchezo upande wa pili, kwa sababu tofauti iliyopo kati yao ndiyo inayofundisha.

Historia inasema hivi. Kinjeketile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe, upande wa Rufiji. Mwaka 1904 zilienea habari kuwa amepagawa na pepo Hongo, akaingia katika kidimbwi cha mto, watu wakamtafuta wasimwone, kisha akatoka akiwa mkavu. Watu kutoka nchi mbalimbali walimwendea kuchukua maji yaliyoaminiwa kuwa yatazishinda risasi za Wajerumani. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa huko Nandete katika nchi ya Umatumbi, na vita ya Maji Maji ikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baadaye, Kinjeketile na msaidizi wake walinyongwa Mohoro. Inaelezwa kuwa kabla ya kunyongwa ilitamkwa kwamba kuwaua hakutasaidia kitu, kwani dawa ilikwisha fika Kilosa na Mahenge. Kwa hiyo Kinjeketile wa historia alikufa kabla hajaona maji yakishindwa.

Hussein hakuiacha saa hiyo mahali ilipokuwa. Katika mchezo wake Kinjeketile anaishi mpaka watu wamekwisha kuanguka mbele ya bombomu. Tena, kabla ya vita yenyewe, shaka imekwisha kumwingia. Amejaribu kuwazuia watu wasikimbilie vitani, lakini neno alilolizaa yeye mwenyewe limekwisha kumzidi nguvu, nao hawamsikilizi. Sasa yuko kifungoni. Afisa wa Kijerumani anataka kwake jambo dogo tu: aseme kuwa maji yalikuwa uongo. Kitunda, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji, mtu mwenye akili na mwenye kumtakia mema, anamsihi akubali. Kinjeketile anakataa.

Ndugu msomaji, angalia ugumu wa saa hiyo. Kama Kinjeketile angekuwa anayaamini maji mpaka mwisho, kukataa kwake kungekuwa kwepesi, na sisi tungemwona kama mtu mkaidi mwenye imani yake. Lakini anajua. Anaombwa aseme jambo ambalo yeye mwenyewe ameanza kuliona kuwa kweli. Anayemwomba si adui tu, ni rafiki pia. Mlango uko wazi kabisa. Anaukataa kwa kuwa ameona kesho: siku atakaposema kuwa maji yalikuwa uongo, watoto wetu watafundishwa kuwa kupigana nako kulikuwa uongo. Anakubali aonekane mwongo au mjinga maisha yake yote ili wale waliokufa wasionekane hivyo. Nimewahi kuona mchezo huo ukiigizwa na wanafunzi kwenye bwalo la chakula, kwa mavazi ya magunia na bunduki za miti, na mahali hapo hata wale watundu wa nyuma walinyamaza.

Wako wanaouliza kama mwandishi ana haki ya kuhamisha saa ya mtu aliyeishi kweli. Jibu langu ni kwamba anayo haki hiyo endapo atasema wazi anachofanya. Hussein alisema. Katika maneno yake ya mwanzo alitenga Kinjeketile wa historia na Kinjeketile wa mchezo, akaeleza kuwa huyu wa pili ni wa kubuni. Miaka ile ile ya sitini, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Gilbert Gwassa alikuwa akikusanya masimulizi ya wazee wa kusini juu ya Maji Maji. Mmoja alitafuta lililotokea, mwingine alitafuta maana yake kwa watu waliopata uhuru juzi. Nchi inahitaji watu wa aina zote mbili, ila isiwachanganye.

Sasa nirudi huku kwetu Nyanda za Juu, maana jambo hili lina mwiba wake. Shujaa mkubwa wa upande huu, anayejulikana nchi nzima, ni Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Habari zake zimeandikwa mara nyingi, na M. M. Mulokozi alimtungia tamthilia, Mukwava wa Uhehe, iliyotoka mwaka 1979. Mambo makuu yanajulikana: tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilishinda jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo, Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka, Mkwawa akakimbilia porini, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na Gavana Edward Twining.

Waandishi chipukizi hukimbilia Lugalo au Mlambalasi, ushindi au kifo. Mimi naona utajiri mkubwa zaidi umo katika ile miaka karibu minne iliyo katikati. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemtoa Mkwawa, fedha ambazo mtu wa kijijini asingeweza hata kuzihesabu. Mwishoni mwa mwaka 1896 walimweka ndugu yake Mpangile atawale mahali pake, na Februari 1897 wakamnyonga, wakimshuku kuwa anamsaidia nduguye kwa siri. Muda wote huo Mkwawa alikula. Alikula nini? Nani alipika? Nani alibeba kapu, akapita njia gani, akamwambia mtoto wake nini asubuhi? Zile rupia 5,000 zilikuwa mlango uliokuwa wazi kila siku mbele ya kila nyumba, na nyumba nyingi hazikuupita. Hao hawana sanamu. Majina yao hayakuandikwa. Lakini saa ya ushujaa walikuwa nayo, tena si moja.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi kazi ya kutunga mchezo mfupi juu ya vita hivyo. Nilipata Lugalo nyingi, damu tele. Msichana mmoja, mpole, ambaye sikupata kumsikia akiinua sauti, aliandika juu ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni anayepeleka chakula porini. Njiani anakutana na askari. Wanamuuliza chakula hiki cha nani. Anajibu ni changu, naenda shamba la mbali. Wanamwambia: basi kula tukuone. Mwanamke anaketi chini ya mti, anafungua kapu, anakula. Chakula ni cha watu wanne, naye anakula taratibu, tonge baada ya tonge, mpaka machozi yanamtoka kwa kushiba, na mtoto akilia anampa naye. Askari wanachoka, wanaondoka. Mchezo unakwisha mwanamke akiwa ameshika kapu tupu.

Tuliuigiza siku ya wazazi. Hapakuwa na mkuki hata mmoja. Watu walianza kwa kucheka walipomwona msichana akimeza matonge makubwa, kisha kicheko kikapungua, kisha kikakoma. Baada ya shughuli bibi mmoja aliniita kando, akaniuliza kwa uchungu: "Mwalimu, na yule wa porini alikula nini usiku ule?" Sikuwa na jibu, wala mchezo haukuwa nalo. Lakini nilijua kuwa msichana yule amefaulu jambo ambalo vifua kama milango ya kanisa havikufaulu. Mtu aliyebuniwa na mtoto wa kidato cha tatu alikuwa amemnyima bibi kizee amani yake. Na ajabu ni kwamba bibi hakuuliza habari za mwanamke tuliyemwona. Aliuliza habari za mtu ambaye hakutokea jukwaani kabisa.

Sasa huo mwiba nilioutaja. Njombe si Iringa. Kwa Wabena na Wasangu wengi, jina la Wahehe katika karne ya kumi na tisa lilikuwa jina la kuogofya. Wasangu wa Merere walikwisha kufukuzwa katika nchi yao na Wahehe, na ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya waungane na Wajerumani. Ubena nako kulishambuliwa. Karibu na mji wa Njombe uko msitu wa Nyumbanitu, nao wazee husimulia kuwa watu walijificha humo nyakati za vita, na wengine hata leo hawapaingii ila kwa heshima. Basi mwandishi wa Makambako akimwandika Mkwawa kama shujaa wa wote, na nyanya yake aliyejificha msituni amweke wapi? Kilio kinachokwenda kwa shujaa hakiendi kwake peke yake. Huenda pia kwa jirani aliyevamiwa naye. Sisemi tumnyang'anye Mkwawa heshima yake, la hasha. Nasema kwamba saa yake ya kukataa kukamatwa ina uzito zaidi, wala haipungukiwi, ikiandikwa na mtu anayekumbuka pia walioogopa vumbi la majeshi yake.

Kwa nini nasisitiza habari ya kuandika, wakati wazee wetu walisimulia tu? Kwa sababu masimulizi huchagua saa na kuitunza, nayo yakipata watu wa kuyatunza hufika mbali. Mfano uko Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60 kwa siku moja, na kuwazika katika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano hakunyongwa siku hiyo. Wenyeji husimulia kuwa Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akadai anyongwe kama wenzake, kwani hakuona sababu ya kubaki akitazama makaburi yao. Akanyongwa siku chache baadaye. Watu wa Songea wangeweza kumkumbuka kwa vita alivyopigana. Wakachagua kumkumbuka kwa mlango alioukataa. Kila mwaka siku za mwisho za Februari watu hukusanyika pale kwenye makumbusho. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na watu wa ukoo wa Mbano, akaomba radhi. Miaka 117 ilikuwa imepita. Saa ile ilibebwa na midomo ya watu kipindi chote hicho.

Sasa tujiulize, sisi wa Njombe tumeibeba ipi? Vita ya Maji Maji ilifika kwetu. Mwezi Septemba 1905 Wabena wa Mtwa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, iliyokuwa ya Wamisionari wa Berlin, si mbali na mji wa Njombe wa leo. Shambulio lilishindwa. Kisha likaja jambo lililoua wengi kuliko risasi: Wajerumani walichoma vijiji na akiba za nafaka katika nchi za kusini, ikafuata njaa kubwa. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo vya vita yote na njaa yake kuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Jina la Mbeyela wengine wanalijua kwa sababu ya shule. Muulize kijana wa Makambako Mbeyela alifanya nini, na mara nyingi hana la kukuambia.

Nimekwenda Yakobi zaidi ya mara moja, si kwa utafiti, bali kwa shughuli za kawaida za misiba na arusi. Kila nikifika hufikiri jambo moja. Waliokuwa nje na mikuki walikuwa Wabena. Na ndani, pamoja na mmisionari, walikuwamo Wabena pia, watu waliokwisha kubatizwa. Mtu wa nje alimjua mtu wa ndani kwa jina. Pengine walichunga pamoja utotoni, pengine mmoja alioa dada wa mwingine. Kila mmoja alikuwa na mlango. Wa ndani angeweza kutoka usiku akarudi kwa ndugu zake. Wa nje angeweza kukaa nyumbani akiugua, kama watu wanavyougua siku ya vita. Sisi, wajukuu zao, tunasali katika kanisa lililojengwa na wale wa ndani na kuwasomesha watoto katika shule yenye jina la yule wa nje. Damu za pande zote mbili zimo katika nyumba moja, mezani pamoja.

Mwandishi wa Njombe atakayeandika usiku wa kabla ya shambulio hilo hatakuwa na kazi nyepesi. Akimpa saa ya ushujaa mtu wa nje peke yake, atakuwa ameandika hotuba ya sikukuu. Akimpa mtu wa ndani peke yake, atakuwa ameandika taarifa ya misheni. Hizo zote tunazo. Kinachokosekana ni mtu atakayewapa wote wawili saa zao, na kutuonyesha nyumba moja ambamo mama yao anasubiri, akijua kuwa vyovyote itakavyokuwa, kilio kitaingia kwake. Hapo ndipo msomaji atakapokosa pa kusimama, na mtu aliyekosa pa kusimama ndiye anayejali kwa dhati.

Asiyekuwepo na lake halipo. Saa isiyoandikwa wala kusimuliwa hupotea kama moto wa matanuri yetu ya Upangwa, ambayo leo wengi hawajui hata yalikuwa na umbo gani. Kwa hiyo nawasihi vijana wanaopenda kalamu: nendeni kwa wazee wangali hai. Msianze kwa kuuliza babu aliua wangapi. Ulizeni alikuwa na njia gani ya kuokoka, na kwa nini hakuipita. Kisha ulizeni ni nani alibaki nyumbani, na siku ile alipika nini. Wakikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, shikeni daftari, maana mmefika.